Kazi Saba, Sindano Chache: Shajara ya Maandalizi ya Darasa la Ufumaji

Wiki ya sita kabla ya somo la kwanza

Leo nimevimwaga vikapu vyote na kutandaza kitandani kila kazi niliyoianza nisiimalize, kwa sababu kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijiambia kwamba zipo nne tu. Zipo saba. Sweta la kijivu la kaka yangu, linalofumwa kwa mzunguko kuanzia chini, limekaribia makwapa. Soksi moja imekamilika na mwenzake amesimama kwenye kisigino. Blanketi la mtoto anayetarajiwa kuzaliwa limebakiza mistari kama sitini. Ipo shali ya matundu ambayo sikumbuki niliishia mstari upi wa mchoro, ipo kofia, ipo skafu nyeusi ya mbavu ambayo sikuipenda tangu mwanzo, na upo mgongo wa kardigani ya mtoto ambaye ameshakuwa mkubwa kuliko kardigani yenyewe.

Ukaguzi huu haukutokana na tabia njema ya utaratibu. Nimekubali kufundisha watu wanane ambao hawajawahi kushika sindano za kufumia, masomo sita ya saa mbili mbili, na nimeamua kwamba wote waanze na sindano nyoofu za milimita 5 na uzi wa unene wa kati, ule unaopewa namba 4 katika mfumo wa vipimo unaoanzia 0 hadi 7. Sindano nyembamba humchosha anayeanza kabla hajaona kitambaa, na zilizo nene mno humfanya ahangaike na sindano zenyewe badala ya kuutazama uzi. Nina jozi sita za milimita 5, na jozi tatu kati ya hizo zimo ndani ya blanketi, kofia na skafu.

Nilidhani shajara hii ingehusu muda. Kumbe kitu cha kwanza kinachogombaniwa ni sindano, na kuanzia leo kazi zangu hazipangwi kwa umri wala kwa huruma niliyo nayo kwa yule anayezisubiri, bali kwa sindano zilizozishikilia. Sweta limo kwenye sindano ya mzunguko ya milimita 4 na soksi imo kwenye sindano fupi zenye ncha mbili; darasa halina haja na hizo, kwa hiyo zitasubiri. Kardigani imo kwenye milimita 3.5, nayo itasubiri bila mtu yeyote kuumia.

Siku tatu baadaye

Skafu nyeusi nimeifumua. Nilivuta uzi nikiwa nimesimama, sentimita 90 zikaisha kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kufuma mistari mitano, na sikusikia uchungu wowote, jambo linaloonyesha kwamba ningeifumua zamani. Uzi wake hautatumika darasani hata kama unatosha, kwa sababu anayeanza anahitaji kukiona kila kitanzi kinakokaa na kinakoelekea, na kwenye uzi mweusi hata mimi hulazimika kusogea dirishani. Nimeandika kwenye orodha ya mahitaji: uzi laini usio na manyoya, rangi ya mwanga, sufu au mchanganyiko wenye sufu. Pamba nimeiondoa kwenye orodha ingawa ni nzuri kwa mambo mengine, kwa kuwa hainyumbuki, na mkono unaokaza kupita kiasi, kama ilivyo mikono yote mipya, hauwezi kusamehewa na uzi usionyumbuka.

Jozi moja imepatikana.

Wiki ya tano

Wiki hii imeliwa na maneno. Lugha yetu inatumia kitenzi kufuma kwa kazi ya mtambo wa nguo, kwa kazi ya sindano mbili na hata kwa kroshia, na wapo wengi wanaosema kushona sweta ambao hawajakosea katika mazungumzo ya kawaida, lakini kwenye ukurasa wa maelekezo ni lazima kila neno likae mahali pake. Nimeamua kwamba darasani kufuma ni kazi ya sindano mbili, na kroshia itaitwa kroshia. Kwa bahati njema, kufuma na kufumua vinatoka kwenye mzizi mmoja, na ninakusudia kuyafundisha yote mawili siku moja, ili kufumua kusionekane kuwa adhabu.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa majina ya vitanzi viwili vya msingi. Nilianza kuandika kufuma kwa mbele na kufuma kwa nyuma, nikagundua nimejitegea mtego, maana katika kile ningekiita cha mbele uzi hukaa nyuma ya kazi, na katika kile cha nyuma uzi huletwa mbele. Mwanafunzi angekuwa na haki ya kunitupia donge. Sasa ninaviita kitanzi cha uso, kinachoonekana kama herufi V upande unaokutazama, na kitanzi cha mgongo, kinachoacha kijinundu cha ulalo. Faida yake ni kwamba kile kilicho uso ukikitazama kwa upande wa pili ni mgongo, na jina lenyewe linaieleza siri ambayo wengi huichelewa: vitanzi hivi ni kitu kimoja kinachotazamwa pande mbili.

Hatua za kitanzi cha uso niliziandika hivi mwanzoni: ingiza, zungusha, chomoza, dondosha. Zilikuwa na mdundo mzuri. Halafu nikakumbuka kwamba somo la tano linahusu vitanzi vilivyodondoka, na siwezi kumwambia mtu adondoshe katika somo la kwanza kisha nimtishe kwa neno hilohilo katika la tano. Hatua ya nne sasa ni achia.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo

Binti wa dada yangu, mwenye miaka 15, alikubali kuwa mwanafunzi wa majaribio. Nilimpa sindano, donge la uzi lenye vitanzi ishirini nilivyokwisha kumwanzishia, na ukurasa wa maelekezo. Kisha nikakaa pembeni na blanketi langu nikiwa nimejiwekea sharti la kutosema neno kwa dakika kumi. Dakika ya pili tu akaniuliza, "Mama mdogo, umeandika niingize sindano kwenye kitanzi. Niingizie wapi? Kina milango miwili."

Ni kweli kina milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na kwa miaka yote hii sikuwahi kuuona ule wa pili kama mlango wa mtu asiyejua. Aliuchagua huo wa nyuma, kwa hiyo kila kitanzi alichokifuma kilitoka kimejipinda, mguu mmoja umepanda juu ya mwenzake, na kitambaa kikawa kigumu kidogo bila yeye kujua sababu. Niliweka blanketi chini nimwonyeshe pole pole, na hapo ndipo aibu ikanishika, kwani nilipojaribu kufuma kitanzi kimoja huku nikitazama mikono yangu, mikono ilisita kama mtu aliyeulizwa anavyotembea. Nilirudia mara sita au saba. Nikaona kwamba kidole changu cha shahada cha kushoto huisukuma ncha ya sindano ya kulia kurudi nyuma kila mara baada ya uzi kuzungushwa, kazi ndogo ambayo haimo katika ukurasa wowote niliowahi kuuandika wala kuusoma, na ambayo bila hiyo uzi humponyoka mtu kabla haujachomoza.

Hatua ya kwanza sasa inasomeka hivi: ingiza ncha ya sindano ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, ukianzia mbele kwenda nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia, hadi sindano ya kulia ikae nyuma ya ile ya kushoto na zote mbili zifanye msalaba. Ya pili inasema uzi uzungushwe kwenye ncha ya sindano ya nyuma kinyume cha mwendo wa saa. Ni ndefu na hazina mdundo. Nimeuacha mdundo kwa maneno manne ya kukariri na kuyaweka haya marefu chini yake.

Baada ya saa moja na nusu, vitanzi ishirini vya yule binti vilikuwa ishirini na saba, na tulikaa pamoja kutafuta vile saba vilipoingilia. Vitano viliingilia pembeni: anapogeuza kazi ili aanze mstari mpya, alikuwa akiupitisha uzi juu ya sindano kuupeleka nyuma, na kufanya hivyo hukivuta kitanzi cha mwisho juu hadi miguu yake miwili ionekane kama vitanzi viwili, naye kwa uaminifu mkubwa akavifuma vyote viwili. Vingine viwili vilitokea katikati, pale uzi uliposahaulika mbele ya kazi na kuilalia sindano. Nimefurahi kuliko alivyofurahi yeye, kwa sababu kipande hicho chenye pembe zinazopanuka kama mdomo wa tarumbeta nimekiomba niwe nacho darasani.

Wiki ya nne

Kofia imekamilika jioni moja. Ilikuwa imebakiza kupunguzwa juu na kushonwa ubavuni, kazi ya saa mbili niliyoiahirisha kwa miezi minane. Jozi ya pili imepatikana, na kofia yenyewe itakuwa mfano wa kuonyesha jinsi vitanzi viwili vinavyofumwa pamoja kuwa kimoja.

Rafiki yangu aliposikia habari ya sindano alinitumia jozi nne za zamani, zote zimechongwa namba 8, akiwa na hakika kwamba ndizo milimita 5. Nilizipitisha kwenye kibao cha matundu cha kupimia: jozi mbili ni milimita 5, mbili ni milimita 4. Hakuna aliyekosea. Katika namba za Marekani sindano huongezeka unene kadiri namba inavyopanda, na 8 ni milimita 5. Katika namba za zamani za Uingereza hesabu inakwenda kinyume, namba kubwa ni sindano nyembamba, na 8 ni milimita 4. Namba 6 nayo hubadilishana hivyohivyo, kwa Mwingereza wa zamani ni milimita 5 na kwa Mmarekani ni milimita 4, hivyo mtu anayesoma maelekezo ya kale bila kujua yameandikwa wapi anaweza kufuma sweta zima kwa sindano isiyo yake. Nimebandika kipande cha karatasi chenye milimita kwenye kila jozi ninayoimiliki, na darasani hakutatajwa namba nyingine yoyote.

Hesabu ya leo: jozi nne nilizo nazo mkononi au nilizozikomboa, ongeza tano... hapana, nimehesabu vibaya, nianze upya. Sita zangu na mbili za rafiki ni nane, zinatosha wanafunzi wanane kamili endapo blanketi litakwisha. Mimi mwenyewe nitaonyesha kwa sindano za milimita 10 na kamba nene ya rangi ya maziwa, ili hata aliyekaa mbali aone. Jozi mbili za milimita 4 zitakaa akiba kwa yule anayefuma kwa ulegevu, maana huyo hutokea, ingawa mara chache kuliko anayekaza.

Blanketi lina vitanzi 110. Nimejipima kwa saa: mstari mmoja ni dakika nne. Mistari iliyobaki ni hamsini na miwili.

Wiki ya tatu

Nilisema sweta litasubiri, lakini kaka yangu alipita kunisalimia nikashindwa kujizuia kulipima kwake kwa jicho, na jicho halikupenda lilichokiona. Nilipoweka rula nilipata vitanzi 22 katika sentimita 10. Sampuli niliyoifuma kabla ya kuanza ilinipa 20, na kwa hesabu hiyo nilianzisha vitanzi 200 ili nipate sentimita 100 za kifua. Kwa vitanzi 22, vitanzi 200 ni sentimita 91 hivi. Tofauti ya vitanzi viwili, ambayo kwenye sampuli ya upana wa kiganja mtu angeipuuza, inakula sentimita tisa katika mwili wa mtu mzima.

Sababu nimeipata, na inaniuma kwa kuwa niliijua. Sampuli niliifuma bapa, kwenda na kurudi, mstari mmoja wa uso na mmoja wa mgongo. Sweta linafumwa kwa mzunguko, ambako mistari yote ni ya uso. Mimi, kama wafumaji wengi, hulegeza ninapofuma mgongo, kwa hiyo sampuli ilikuwa na nusu ya mistari iliyolegea na sweta halina hata mmoja. Nimeihamishia kazi kwenye uzi wa akiba, nikailoweka na kuianika bapa, kwa sababu sufu mara nyingi hutanuka ikioshwa. Ilipokauka ilinipa vitanzi 21, yaani sentimita 95, na kaka yangu ana kifua cha 96 na hapendi nguo inayombana. Nimelirudisha kikapuni bila uamuzi. Halijashika sindano ya darasa.

Jioni niliandika maelezo ya utangulizi ya dakika kumi kuhusu historia, na leo asubuhi nimeyapunguza yakawa ya dakika mbili. Nimebakiza jambo moja ambalo watu hulishangaa: miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyofumwa kwa sindano zaidi ya moja na vinavyojulikana leo ni soksi za pamba za buluu na nyeupe zilizopatikana Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14, zilizofumwa kwa mzunguko kwa ustadi unaoonyesha kwamba hazikuwa kazi ya kwanza ya mtu yeyote. Misri kuna soksi za zamani zaidi ya hizo, zenye kidole gumba kilichotengwa, ila hizo zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu na ni ufundi mwingine. Habari za William Lee, aliyebuni mashine ya kufuma soksi Uingereza mwaka 1589, nimeziondoa ingawa nazipenda, kwa sababu mtu mwenye sindano mkononi hataki kusikia kwanza kuhusu mashine.

Wiki ya pili

Blanketi limekwisha. Jozi ya tatu imepatikana siku kumi na mbili kabla ya somo, na mtoto hajazaliwa bado.

Nimefanya uamuzi ambao rafiki yangu anaupinga: wanafunzi hawataanzisha vitanzi siku ya kwanza. Kuanzisha vitanzi, yaani kuviweka vile vya kwanza kwenye sindano tupu, ni jambo gumu, hufanywa mara moja tu katika kila kazi, na anayelianza akiwa hajui bado uzi unavyotii mkono hutumia saa nzima kutengeneza ukingo unaobana kiasi kwamba sindano haipiti. Kwa hiyo ninamwandalia kila mmoja kipande chenye vitanzi ishirini na mistari minne iliyokwisha kufumwa, ili aingie kwenye kitambaa kilichotulia, afume uso peke yake kwenda na kurudi. Kufuma hivyo kuna faida nyingine: kitambaa chenye uso mstari huu na uso mstari unaorudi hakijikunji, ilhali kile ambacho upande mmoja wote ni uso na wa pili wote ni mgongo hujikunja pembeni kama karatasi iliyolowa, na mwanafunzi hudhani amekosea yeye.

Kuanzisha kutakuja katika somo la pili, kwa njia ya kufuma kitanzi kipya kutoka katika kilichotangulia na kukirudisha kwenye sindano ya kushoto, kwa kuwa mwendo wake ni uleule watakaokuwa wameuzoea. Rafiki anasema ninawanyima furaha ya kuanza kitu chao wenyewe. Labda. Nimeshafuma vipande vitano.

Shali nimeikagua kwa usiku mmoja. Nilihesabu matundu kutoka chini, nikapata mstari wa 46 au wa 48, na sikuweza kujua ni upi. Nimepitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyote vya mstari nilio na hakika nao, uwe ndiyo kamba ya kuokolea, na kuirudisha mfukoni pamoja na kikaratasi chenye namba. Nimeweka vikaratasi kama hivyo kwenye kila kazi.

Wiki ya mwisho

Vipande vinane tayari. Soksi imepata kisigino. Hakuna lingine.

Siku ya somo la kwanza, usiku

Walikuja wote wanane. Maelezo ya Misri yalichukua dakika nne kwa sababu waliuliza maswali. Mama mmoja mtu mzima aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye hutumia mkono wa kushoto na kwamba labda hatafaa. Nilimwomba ajaribu kama wengine kwanza, kwa kuwa kazi hii hutumia mikono yote miwili na wengi wa kushoto huifanya bila kubadili chochote, naye alikuwa wa pili kumaliza mstari.

Kosa ambalo sikulitarajia lilitokea baada ya mapumziko. Watu watatu walikuwa wameacha kazi katikati ya mstari, na wawili kati yao waliporudi walizishika sindano kwa upande usio wake wakaanza kurudi walikotoka, wakaacha tundu ambalo kila mmoja alilitazama kama jeraha. Kwenye ukurasa sasa imeongezwa sentensi moja: ukiacha katikati ya mstari, sindano ambayo uzi wa donge unaning'inia kwenye kitanzi chake cha mwisho ndiyo ya mkono wa kulia.

Vitanzi viliongezeka kwa watu watano, na kipande cha yule binti wa dada yangu kilipitishwa mkono kwa mkono huku kila mtu akitafuta pembe inayofanana na yake. Hakuna aliyefikia ishirini na saba. Jozi moja ya milimita 4 ilitumika, kwa kijana mmoja aliyefuma kwa ulegevu hadi vitanzi vikawa vinateleza kwenye sindano vyenyewe.

Niliporudi nyumbani nilifumua sweta la kaka yangu lote. Uzi umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Nimeuzungusha kwenye mgongo wa kiti, nikaufunga mahali panne, nikauosha na kuutundika ukauke ukiwa umenyooka. Nitaanza upya kwa milimita 4.5, na sampuli safari hii nitaifuma kwa mzunguko.

Kabla hatujaachana, mmoja wa wale wawili wenye tundu aliniomba nisimrekebishie. Alichomoa sindano, akavuta uzi pole pole hadi mstari wa mwisho, pamoja na ile minne niliyomfumia mimi, akazungusha donge vizuri na kuliweka kwenye mfuko. Sikumzuia. Somo la pili nimelipanga lianzie kwake, kwa kuwa ndiye pekee atakayefika na sindano mbili tupu.